Diski ya Mwalimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kwa mjomba. Mama amesema siwezi kukaa nyumbani nikitazama dari mpaka matokeo ya mtihani yatoke. Duka ni chumba kimoja, kati ya kinyozi na mahali pa fotokopi. Lina meza ndefu ya kazi, taa ya kuinamisha shingo, rafu za kompyuta zilizokufa na nyingine zinazosubiri zamu yao, na kiti kimoja cha mteja. Kiti changu ni ndoo iliyopinduliwa. Mjomba haongei sana na mimi siongei kabisa, kwa hiyo hadi tunafunga tulikuwa tumesemezana kama mara sita.

Amenifundisha jambo moja. Kila diski inayoletwa hubandikwa lebo, na kwenye lebo hujibiwa maswali matatu kabla bisibisi haijagusa kitu: Imeanguka? Imelowa? Nani ameifungua kabla yetu? Mwandiko wa mjomba anausoma mwenyewe tu, tena siku nyingine hata yeye unamshinda, basi kazi ya lebo nimepewa mimi. Anasema swali la kwanza wateja wote hudanganya, lakini niandike vilevile wanavyosema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanga skrubu kwa ukubwa kutwa nzima. Mgongo unauma.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Asubuhi aliingia mwanamke mwenye mwavuli uliopinduka, amekumbatia laptopu iliyofungwa ndani ya mifuko mitatu kama mtoto mchanga. Nilimtambua kabla hajainua uso. Alinifundisha jiografia kidato cha pili, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Kumbe upo huku, Nong'ona," akasema.

Jina hilo alinipa yeye. Nikijibu swali darasani ilimbidi aje hadi kwenye dawati langu ndipo asikie.

Alikaa kwenye kiti cha mteja akaeleza kwa mpangilio, kama somo. Nyuma ya mtaa wake kuna kijito. Kwa miaka ishirini na sita, kila siku saa moja asubuhi, amepima mvua kwenye chombo uani kwake, na kina cha maji kwenye nguzo ya daraja la zamani. Watoto wa mtaa wanamwita Mwalimu wa Mvua. Aliandika kwenye madaftari, baadaye akayaingiza yote kwenye kompyuta, mwaka kwa mwaka, akayahifadhi madaftari stoo. Paa la stoo likavuja.

"Mvua imekula vipimo vya mvua," alisema. Sikujua kama naruhusiwa kucheka.

Sasa ofisi ya barabara inataka kubomoa daraja na kuweka mabomba mawili ya zege, barabara ipite juu. Wahandisi wanasema kile ni kijito cha kuoshea miguu. Vipimo vyake vinaonyesha maji yamepita juu ya daraja mara nne. Yakikuta mabomba mawili tu, yatarudi kwenye nyumba za watu, na ziko kama tisini, yake ikiwemo. Wamempa mpaka Ijumaa, tarehe 9 Mei, apeleke vipimo. Asipopeleka, wanajenga.

Mjomba aliiwasha mara moja tu, akaweka sikio kwenye laptopu kama daktari, akaizima. Akasema diski imechoka lakini inazunguka vizuri, kesho tutaitoa na kuinakili yote kwenye diski nyingine nzima kabla ya kuchungulia faili hata moja. Ndiyo desturi yake: mgonjwa hahojiwi, anabebwa kwanza.

Niliuliza maswali ya lebo. Imeanguka? Mwalimu akanitazama kama niliyemwuliza kama ni mwizi. Haijaanguka. Nikaandika: HAIJAANGUKA.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haya kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Mjomba aliniruhusu kutoa diski mwenyewe. Skrubu nne, kifuniko, skrubu mbili tena, unavuta taratibu. Niliitoa vizuri. Nikaibandika lebo, nikaiweka ukingoni mwa meza ili nipanguse vumbi pale inapopaswa kukaa. Mjomba alikuwa ametoka kutafuta waya. Kinyozi akachungulia mlangoni akaniuliza kama mjomba ameniachia duka au ameniuza pamoja na duka. Mimi mtu akinitania ghafla huwa nageuka mwili mzima. Nikageuka. Kiwiko kikaisukuma.

Haikupiga kelele kubwa. Sakafu yetu ni saruji tupu, lakini mlio ulikuwa mdogo tu, kama kijiko kikianguka. Kinyozi alikuwa ameshaondoka anacheka. Niliiokota. Haikuwa na mkwaruzo, haikubonyea, hata lebo haikukunjika. Nikairudisha mezani, katikati safari hii, nikasimama mikono nyuma.

Mjomba aliporudi aliuliza, "Umeitoa?"

Nikasema ndiyo. Aliuliza hilo tu, na mimi nikajibu hilo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Inagonga. Tik, tik, kimya, tik. Mjomba aliinama juu yake muda mrefu. Akasema juzi haikuwa hivi. Akaniambia nisome lebo. Nikasoma: haijaanguka.

Akanieleza bila kunitazama. Ndani mna sahani zinazozunguka, na vichwa vidogo vinavyosoma bila kuzigusa. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Diski iliyochakaa tu inabembelezwa, inasoma polepole. Iliyoanguka ni habari nyingine, kwa sababu kichwa kimoja huenda kimepinda, na kila unapoiwasha kinachuna sahani. Kwa kuwa hii haijaanguka, tutaibembeleza.

Nilichukua ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Ijumaa, 14 Machi

Imenakiliwa asilimia tatu. Mjomba amempigia Mwalimu simu kumwuliza tena kwa upole kama ana hakika. Nilisikia sauti yake ikipanda upande wa pili. Mjomba alipokata simu akasema, si nilikwambia, swali la kwanza.

Jumatatu, 17 Machi

Asilimia nne. Umeme umekatika mara tatu kwa sababu ya mvua. Kila ukirudi diski inaanza upya: tik, tik.

Jumanne, 18 Machi

Nne.

Jumatano, 19 Machi

Tano. Mjomba ameweka feni ndogo ipulizie diski, yeye mwenyewe anajipepea kwa kifuniko cha laptopu. Analala akiwa amekaa, kidole kiko kwenye swichi. Nilikuwa namwogopa. Leo nimeona tu kwamba amechoka, na kwamba soksi zake hazifanani.

Jumamosi, 22 Machi

Tano na nusu. Mama ananiuliza mbona sili. Nimesema joto. Tangu mwezi huu uingie hakujawa na joto hata siku moja.

Jumanne, 25 Machi

Mwalimu alikuja, ingawa hatukumwita. Alisimama tu, maji yakimchuruzika kwenye pindo la gauni, akasema amefikiri sana kuhusu lile swali. Anaishi ghorofa ya pili. Siku ile alishuka ngazi na laptopu kifuani, mwavuli mkononi, na ngazi zilikuwa zimelowa. Hakumbuki kuigonga, lakini hakumbuki pia kwamba hakuigonga.

"Labda nimeipiga ukutani," alimwambia mjomba. "Umri huu mikono haina adabu. Niandikie hapo kwamba mimi ndiye niliyeiharibu, ili ukweli ukae mahali pake."

Mjomba alimwambia asijisumbue, inatokea, na kugusa ukuta si kuanguka. Alisema kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu alikuwa anamsamehe mtu asiye na kosa. Kisha akaniambia nirekebishe lebo. Nikachukua kalamu. Mwalimu alikuwa ananitazama kwa subira, vile alivyokuwa akisubiri nijibu darasani. Sikuweza kuandika kitu. Nikasema wino umekwisha. Mjomba akasema basi kesho.

Mwalimu akatoka, akishika fremu ya mlango kwa mikono miwili kabla ya kushuka kale kangazi kamoja tu ka duka letu. Aliingia bila kushika kitu.

Ijumaa, 28 Machi

Saba. Kinyozi ana mteja anayeishi mtaa wa Mwalimu. Amesikia Mwalimu aliwaita majirani akawaambia vipimo vimeharibika na aliyeviharibu ni yeye. Wengine walimpa pole. Mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba miaka yote hii alikuwa anajifanya ofisi ya serikali, na siku serikali yenyewe ilipokuja hana hata karatasi.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Saba.

Alhamisi, 3 Aprili

Saba. Mlio umebadilika. Sasa si kugonga tu, kuna kama mtu anayekwangua sufuria kwa mbali. Mjomba amesema Jumatatu ataiendesha kwa nguvu, tangu mwanzo, usiku na mchana, potelea mbali. Tarehe 9 haimsubiri mtu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia mama kwamba sitaki tena kwenda dukani. Ameniuliza mjomba amenifanyia nini. Nikasema hajanifanyia kitu, ni mwema. Akasema, basi kesho unakwenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilifika kabla yake, nikakaa kwenye ndoo yangu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Alipofungua mlango na kuelekea moja kwa moja kwenye swichi, maneno yote yakayeyuka, nikajikuta nimeufunika mkono wake kwa mkono wangu. Sijawahi kumgusa mjomba mkono isipokuwa kwa kumsalimia.

"Usiiwashe," nikasema. "Ilianguka. Si yeye. Ni mimi, tarehe kumi na mbili, hapa."

Hakunifokea. Alivuta kiti cha mteja akakaa, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alitazama sakafu pale nilipomwonyesha, kana kwamba pangekuwa na alama. Nje kinyozi alikuwa anafungua mabati yake na kuimba.

"Siku ishirini na sita," akasema mjomba. "Unajua nimeiwasha mara ngapi?"

Nilijua. Nilikuwa nazihesabu. Arobaini na moja.

Akasema kwamba kuanguka si kosa, kila fundi ameangusha, yeye aliwahi kuangusha kompyuta yenye picha za harusi ya watu. Lakini kuanguka ni habari, na mimi nilimnyima habari, nikamwacha apapase gizani na kumsingizia mama wa watu. Akasema na yeye ana lake: alimwamini mtoto wa dada yake kuliko mteja, bila hata kumwuliza mtoto.

Nililia kidogo. Alinisubiri nimalize, akanipa kalamu. Nikabandua lebo ya zamani nikaandika mpya: IMEANGUKA, 12 MACHI, DUKANI.

Kwa Mwalimu, alisema, utasema mwenyewe.

Jumanne, 8 Aprili

Kumbe kazi ni nyingine kabisa. Diski ina vichwa vinne. Mjomba amegundua kilichoumia ni kimoja, akaielekeza programu isikitumie: ikifika upande wake inaruka, inasoma vile vitatu vizima. Kukwangua kumekoma. Hadi tunafunga tulikuwa na asilimia kumi na tisa. Mjomba alitazama ile namba akatikisa kichwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Thelathini na nane. Mwalimu amekuja.

Nilikuwa nimemwandikia barua, kurasa mbili, nimeinakili mara tatu ili isiwe na makosa. Nikampa kwa mikono miwili. Akapapasa mkoba, akasema miwani ameiacha nyumbani, nimsomee.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameinamia redio ambayo haina hitilafu yoyote.

Nikasoma. Nilipofika mstari wa nne akaniambia hasikii. Nikarudi mwanzo. Akasema bado. Nikasoma kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, hata kinyozi akasimama mlangoni na mkasi mkononi, na mteja wake nyuma yake na shuka shingoni. Nikamaliza wote wakisikiliza.

Mwalimu hakusema pole wala ole wangu. Aliuliza, "Urefu gani?"

Sikuelewa.

"Ilianguka kutoka urefu gani?"

Nikasema sikupima. Akamwomba mjomba futi, akapima meza mwenyewe kutoka ukingoni hadi sakafuni. Sentimita themanini na moja. Akauliza saa. Nikasema yapata saa tano kasoro. Akaandika yote kwenye kidaftari alichotoa mkobani, bila miwani, kwa herufi kubwa. Kisha akakifunga.

"Mimi nimeshuka ngazi zile kila siku kichwani mwangu," alisema. "Kila siku natafuta mahali nilipoigonga. Nikafika mahali nikapaona. Unanielewa? Nilipaona, na hapakuwepo."

Mjomba akasimama kumwomba radhi kwa ile simu. Mwalimu akamwambia akae, zamu yake itafika.

Ijumaa, 18 Aprili

Sitini na sita. Mvua haijakatika siku nne. Mjomba anakohoa.

Alhamisi, 24 Aprili

Sabini na nne, na ndiyo mwisho. Kilichobaki kilikuwa chini ya kichwa kilichoumia, na pale mjomba alipojaribu kwa dakika moja tu, kule kukwangua kulirudi. Akazima. Sahani zimechunwa. Sikuuliza zimechunwa lini.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumefungua faili. Kati ya miaka ishirini na sita, ishirini imetoka mizima. Minne ina matobo. Miwili haipo kabisa. Ile miaka minne ya mafuriko: miwili mizima, mmoja haupo, na mmoja una tobo la siku tisa, wiki ileile maji yalipopanda.

Mwalimu alikaa kwenye kiti akipitia majedwali. Mara nyingine aligusa kioo kwa kidole na kusema kitu kifupi: siku hii nilikuwa na homa, siku hii alizaliwa mjukuu wangu. Zote alikuwa amepima.

Nilimwambia naweza kujaza matobo. Siku ya kabla yake ipo na ya baada yake ipo, ni hesabu ndogo, na kila mtu mtaani anajua kwamba wiki ile maji yalipanda. Nilifikiri nasaidia.

"Ukikisia siku moja," alisema, "umezikisia zote. Weka kistari."

Nikaweka vistari. Vilikuwa vingi. Kila kimoja nilikiandika mwenyewe, sikunakili na kubandika.

Jumatano, 7 Mei

Ofisi ya barabara inataka barua ya duka kueleza vipimo vimepatikanaje na kwa nini vina matobo. Mjomba amesaini. Niliandika mimi. Sentensi ya pili inasema nani aliangusha.

Ijumaa, 9 Mei

Tumekwenda wote watatu. Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ya kung'aa na viti vingi kuliko watu. Mhandisi ni kijana mpole, nilikuwa nimejiandaa kumchukia ikanishinda. Alisoma kila ukurasa. Alisema hajawahi kuona kazi ya mtu mmoja ya namna hii. Akasoma barua, akanitazama mara moja, akaendelea.

Kisha akapiga hesabu mbele yetu. Kwa mafuriko mawili yenye ushahidi, anaweza kuongeza bomba la tatu, na barabara iinuliwe nusu mita. Kwa manne, angeweza kutetea daraja jipya. Mwalimu akamwambia yalikuwa manne. Mhandisi akasema anamwamini, lakini hawezi kuandika kwamba anamwamini. Mwalimu akasema ni kweli, na yeye asingekubali.

Mabomba matatu. Nyumba za juu zimepona. Zile za chini, kama thelathini, atazipitia Mwalimu mwenyewe moja moja kuwaambia waanze kuinua vizingiti.

Nje mjomba alijaribu kusema matatu ni afadhali kuliko mawili.

"Matatu," Mwalimu akasema. "Daraja lenyewe liko sakafuni kwenu."

Mjomba akakohoa akatangulia. Nilijua maneno yale ni yangu, nikayapokea. Tulitembea, mimi na yeye, mvua nyembamba ikinyesha, hadi darajani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanakwenda haraka na vijiti. Alinionyesha nguzo na mistari aliyoipaka rangi mwenyewe, akanionyesha mahali pa kusimama ili jicho lilingane na maji, maana ukisimama juu unasoma pungufu na ukiinama unasoma zaidi.

"Mimi sijakusamehe, usijidanganye," alisema. "Lakini kesho asubuhi nina kliniki, na saa moja lazima isomwe. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Akaniambia hakusikia. Nikasema tena.

Jumamosi, 10 Mei

Saa moja kamili. Mvua: milimita 23. Maji: sentimita 118. Nimesoma mara tatu.